Mafuta ya Risasi za Baba Mkubwa

Simu ya msiba wa Mzee Kalisti ilinikuta napepeta mchele, na kabla sijamwambia mtu yeyote, Ma'mkubwa alikuwa keshajua. Ana miaka themanini na kitu, macho yamekwisha, magoti yamekwisha, lakini sikio lake bado linapita ukuta. "Nani kafa?" akauliza kutoka chumbani. Nikamwambia. Akanyamaza mpaka nikaweka ungo chini nikaenda kumtazama, maana mie kimya cha mtu mzima sikiamini hata kidogo. Nilimkuta amekaa kitandani, tasbihi imelala mapajani, haisogei. "Utakwenda Kimara," akasema. "Utampa mkono mkewe, kisha utamvuta pembeni, watu wasisikie, umwambie yale yalikuwa mafuta ya nazi. Umwambie ni mie." Nikamwuliza mafuta gani, ingawa nilijua. "Usinifanye mtoto, Mishi," akasema. "Ulikuwepo." Nikaenda kubadili nguo.

Kweli nilikuwepo. Na nisije nikajipamba hapa: mie ni mtu wa kushuku. Marehemu mume wangu alikuwa akisema nikipewa maji ya kunywa nanusa kwanza, na hakukosea. Nashuku mizani ya mchele, nashuku mtu anayeniitikia upesi, nashuku fundi anayesema "hamna shida mama." Wanangu wananicheka. Lakini sikuzaliwa hivi. Nilifunzwa, na chuo chenyewe kilikuwa ua wa nyumba ya Baba Mkubwa Seif, hapa hapa Mtoni, mwaka nilioletwa kukaa kwake nikisubiri matokeo ya kidato cha nne. Ua ule ulikuwa na kisima cha pampu, jiko la nje lililoezekwa mabati, na upenu ambao Baba Mkubwa aliufanya karakana yake. Asubuhi ulinukia maandazi. Jumamosi mchana ulinukia moshi wa madini ya risasi yanayoyeyuka, na Ma'mkubwa alifunga madirisha yote akisema anafukuziwa roho nyumbani kwake mwenyewe.

Baba Mkubwa alikuwa na duka la misumari na rangi kule Tandika, na shamba la mihogo upande wa Mkuranga ambalo nguruwe pori walikuwa wakilila kuliko yeye. Alikuwa na gobori la kurithi, la kuwasha baruti kwa fataki, lenye leseni aliyoitundika ukutani sebuleni kama picha ya harusi. Kila aliyeingia alioneshwa. Nadhani aliitundika kwa sababu ya mtaa, maana mtaa ulikuwa ukinong'ona kwamba Mwarabu yule anayeyusha madini na kusubu risasi uani, na nani ajuaye anamsubia nani. Mjumbe alikuja siku moja na watu wawili. Akaoneshwa leseni, akaoneshwa gobori, akanywa kahawa vikombe viwili, akaaga kwa adabu, na alipofika langoni akageuka kutazama tena upenuni. Ma'mkubwa alimsindikiza kwa macho, akasema, "Kahawa kaimaliza, shaka hakuimaliza."

Aliyekuwa akisubu naye ni Mzee Kalisti. Alikuwa Mngoni wa Songea, mstaafu wa kiwanda cha saruji kule Wazo, mtu mrefu mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Walijuana dukani, Kalisti akitafuta msumeno, wakaishia kuzungumza nguruwe mpaka adhuhuri. Tangu hapo kila Jumamosi alikuja kutoka Kimara. Baba Mkubwa hakuwa mtu wa marafiki. Ndugu aligombana nao, majirani aliwasalimia akiwa anatembea. Kalisti peke yake ndiye aliyekaa naye. Waliweka jiko la mkaa chini ya upenu, wakayeyusha vile vipande vizito vinavyobanwa kwenye rimu za magari, wakamimina kwenye kalibu ya chuma, wakangoja, wakafungua, zikaanguka risasi za mviringo zinazong'aa juu ya gunia lililolowa. Hawakusema mengi. Baba Mkubwa alikuwa akicheka siku hizo, kicheko ambacho sie wa ndani hatukukisikia Jumapili wala Jumatatu.

Ugomvi wao wa kupendeza ulikuwa mafuta. Risasi kavu, walisema, inaacha utando ndani ya mtutu, baruti nayo inaacha masizi, na ukishapiga mara moja ya pili haiingii hata uishindilie kwa kilo zako zote. Lazima ipakwe kitu. Kitu gani, hapo ndipo kesi. Grisi ya gari walijaribu, ikaungua ikawa lami. Samli walijaribu, Ma'mkubwa akaja na mwiko: "Samli yangu ya biriani unampaka nguruwe? Ana harusi?" Nta ya nyuki peke yake ikawa ngumu, inapasuka kama ganda la yai. Basi wakapanga visahani juu ya ukuta wa ua, kwenye jua la saa sita, kila kimoja nta imechanganywa na mafuta mengine, wakakaa kwenye mkeka wakivitazama kama watu wanaongoja mwezi. Cha nazi kilikuwa cha kwanza kuyeyuka, kikatiririka ukutani mpaka kwa sisimizi. Cha alizeti kikafuata. Kilichosimama ni kile cha Mzee Kalisti, mchanganyiko wa nta na mafuta meupe mororo aliyokuja nayo kwenye kopo la maziwa ya unga. "Hiki ndicho," akasema Baba Mkubwa akikibonyeza kwa kidole. "Ni mafuta gani haya, bwana Kalisti?" Kalisti akasema, "Ya mnyama," na Baba Mkubwa akatosheka. Mie hata wakati ule niliona jibu ni fupi.

Wakaomba sufuria ya kuyeyushia. Ma'mkubwa alikuwa na kisufuria chake kidogo, kizito, cha kuchemshia maziwa. Akakitoa kwa shingo upande, akakirudisha jikoni jioni, akakisugua kwa sabuni na majivu. Haukupita muda mwezi wa Ramadhani ukaandama, na kisufuria kile kile ndicho alichopikia uji wa futari mfungo mzima. Ma'mkubwa alikuwa na sifa ya uji wake wa pilipili manga. Tulifuturu nao sie, wakafuturu majirani, na bakuli moja lilikwenda kila magharibi kwa imamu wa msikiti wa jirani, aliyekuwa mjane. Ukitaka kujua kwa nini yaliyofuata yalikuwa makubwa, likumbuke bakuli hilo.

Idi Mosi, nilitumwa Kimara na hotipoti la pilau. Wakati ule nyumba ya Mzee Kalisti ilikuwa ya vyumba vitatu juu ya kilima, uani kuna migomba na bata. Mkewe, Mama Regina, alinipokea kwa vigelegele, akanikalisha kwenye kigoda nje, akanifungulia soda, akaendelea na kazi yake. Kwenye mkaa kulikuwa na sufuria ya vipande vya nyama ya mafuta vinavyochemka vikilialia, na yeye alikuwa akichuja yale mafuta kwa kitambaa, akiyamimina kwenye kopo. Nikamwuliza, "Mama, unakaanga nini?" Akasema, "Si yule mnyama wenu wa juzi, mwanangu. Shamba lenu linatunenepesha." Akacheka. Nilijua kwamba nguruwe waliopigwa shambani huchukuliwa na Kalisti, na Baba Mkubwa alikuwa akimwachia kwa moyo mmoja ili mradi asiingie na nyama kwenye pikapu yake. Hilo halikuwa siri. Lakini kando ya lile kopo lililokuwa likijazwa kulikuwa na kopo jingine la maziwa ya unga, limefungwa, na kwenye mfuniko wake pameganda punje za nta ya nyuki. Nikaiweka soda chini. Nikaaga mapema nikisingizia jua.

Ma'mkubwa alikuwa akikanda unga nilipomwambia. Mikono ikasimama ndani ya bakuli. "Una hakika?" "Sina, Ma'mkubwa. Nimeona mafuta na nimeona nta." "Sikukuuliza ulivyofikiri. Mafuta rangi gani?" "Meupe." "Yana harufu?" "Hayana." Akaketi chini na unga wake mikononi. "Kisufuria changu," akasema kwa sauti ya chini, kisha sauti ikapanda mpaka jirani akachungulia. "Ya Rabi toba! Mfungo mzima, Mishi! Nimemfuturisha mume wangu, nimefuturisha watu wa watu, nimempelekea imamu kwa mkono wangu huu!" Alilia kama mtu aliyefiwa. Msomaji asiye wa kwetu asidhani ni kuchagua chakula tu. Kwetu sie mnyama yule si kula peke yake. Chochote kinachogusana naye kikiwa na majimaji hunajisika, na chombo hakitakasiki ila kwa kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Sabuni na majivu yake yalikuwa kazi bure.

Usiku huo niliwasikia kupitia ukuta wa mbao. "Yule mtu asikanyage hapa," Ma'mkubwa akasema. "Kalisti ni ndugu yangu." "Ndugu yako anakula nguruwe." "Anakula kwake!" "Na kwangu kaleta kwenye kopo." Kisha Ma'mkubwa akasema neno ambalo sikulisikia likitamkwa kabla wala baada: "Seif, ama yeye ama mie. Nikijua kwa yakini kwamba ni kweli, na bado anaingia, nakwenda kwa kaka zangu." Baba Mkubwa alikohoa tu. Nilikuwa nimelala chali nikitazama neti, nikaelewa kwamba mwanaume yule mkavu alikuwa na watu wawili tu duniani, na sasa ameambiwa achague.

Jumamosi ikafika. Nilikuwa jikoni nakuna nazi, dirisha wazi, na sitasema kwamba sikusikiliza. Baba Mkubwa alimmiminia kahawa rafiki yake, akazunguka zunguka na habari za mvua, halafu akasema, "Bwana Kalisti, yale mafuta. Ya mnyama gani?" Nikaacha kukuna. Kalisti alishika kikombe bila kunywa. Nilimwona mkono. Mkono ule mkubwa ulikuwa umekiziba kikombe kizima, na kidole gumba kilikuwa kikisugua ukingo, kikisugua, kikisugua. "Ya kondoo, Seif," akasema. "Kwani mie siwajui nyie?" Baba Mkubwa akashusha pumzi mpaka nikaisikia mie huku. "Nilijua," akasema. "Wanawake hawa." Wakacheka wote wawili. Kicheko cha Kalisti kilichelewa.

Alipoondoka alichukua kopo, akisema nta imepungua, akaongeze. Akalirejesha Jumamosi ya pili. Baba Mkubwa, kwa kutaka amani nyumbani, akamwita Ma'mkubwa uani, akamwomba Kalisti arudie maneno yake. Kalisti akasimama, akavua kofia, akaweka kiganja juu ya mfuniko. "Shemeji," akasema, "mbele ya Mungu, mafuta yaliyomo ndani ya kopo hili ni ya kondoo. Kama ni uongo nisifike kwangu." Hata mie ningeamini. Lakini walipokwenda kusali, na Kalisti amekwenda kununua sigara, nilifungua lile kopo nikanusa. Mafuta yalikuwa ya manjano kidogo, na yalinuka kondoo, harufu ile ya mkia inayong'ang'ania puani. Ya kwanza yalikuwa meupe na hayakunuka kitu. Nikamfuata Ma'mkubwa chumbani. "Kopo ndilo lile," nikamwambia, "mafuta siyo yale." Hakushangaa. "Ndiyo maana kaapa kwa yaliyomo," akasema. "Mtu mwema huapa kwa yote."

Nimeulizwa na binti yangu, niliyewahi kumdokezea, kama sijutii kusema. Sijutii. Nilisema nilichokinusa, na pua yangu haikunidanganya. Kinachonitia hasira hadi leo ni kwamba tulikuwa watu wanne katika ua mmoja, kila mmoja ameshika kipande chake cha kweli amekifumbata, na badala ya kuvileta kwenye mkeka mmoja tukavificha kama wezi. Ma'mkubwa angeweza kumwambia mumewe habari ya harufu. Hakumwambia. Alisema mumewe keshaapiwa na keshafurahi, na mwanaume aliyefurahi hasikii. "Yakini sina," alisema. "Lakini mikono yake nitailinda na najisi." Akakichukua kile kisufuria akaenda kukitupa jalalani, akanunua kipya. Nilidhani ameishia hapo.

Hakuishia. Siku moja ya kazi, Baba Mkubwa yuko dukani, nilirudi kutoka sokoni nikamkuta upenuni. Amezimimina risasi zote zilizopakwa ndani ya ndoo kuukuu ya maji yanayochemka, anazikoroga kwa kijiti, mafuta yanaelea juu, anayamwaga shimoni. Akazipangusa kila moja kwa kitambaa. Kisha akaleta chupa ya mafuta ya nazi aliyoyasindika mwenyewe, akayeyushia humo kipande cha mshumaa, kwa kuwa nta ya nyuki hakuwa nayo, akazipaka upya na kuzirudisha kwenye kijaluba cha Baba Mkubwa. Kopo la Kalisti nalo akalimwaga, akalifuta, akalijaza mchanganyiko huo huo. Alifanya kwa utulivu kabisa, huku akisema Bismillahi kwa kila risasi. Nikakumbuka kisahani cha nazi kikitiririka ukutani, nikasema, "Ma'mkubwa, nazi si iliyeyuka?" Akanitazama. "Nimetia mshumaa. Na wewe hujaona kitu." Nikasema sijaona.

Baba Mkubwa na Kalisti walikwenda shambani wiki ile ile. Jua la mwisho wa kaskazi, mabati yanalia. Baba Mkubwa alikuwa na tabia ya kulishindilia gobori mchana, akalitundika kwenye kibanda cha shamba, ili jioni nguruwe wakija lisimcheleweshe. Likakaa pale chini ya bati mpaka alasiri. Nguruwe akaja, dume, peke yake. Baba Mkubwa akalenga karibu kabisa, akafyatua, fataki ikalia tap, gobori likagoma. Akaweka fataki nyingine. Likagoma. Dume likamjia. Lilimpasua paja kutoka juu ya goti hadi nyongani, na lingemmaliza kama Kalisti asingeingia na panga. Kalisti alilifunga lile paja kwa shati lake, akambeba mgongoni kupitia mihogo mpaka barabarani, mtu wa makamo akimbeba mtu wa makamo mwenzake, akasimamisha lori la mchanga. Hayo nimeyapata kwa Baba Mkubwa na kwa dereva wa lori, aliyekuja baadaye kujulia hali. Kalisti mwenyewe hakuwahi kuyasimulia.

Wodini tulimkuta Baba Mkubwa ameamka, rangi imemtoka, paja limefungwa mpaka kiunoni. Chumba kilikuwa na vitanda vingi na dirisha moja, kimejaa harufu ya dawa na chakula cha watu. Ma'mkubwa alikuwa na hotipoti la mtori, sie tumesimama upande huu wa kitanda, Kalisti upande ule, amevaa shati la kuazima linalombana. Mkononi alikuwa na kitambaa kilichoviringwa. Alikuwa ameshafungua gobori, alisema, ametoa baruti kwa ile parafujo yake ya kuchomolea risasi iliyogoma, na baruti ilitoka imelowa mafuta, matope matupu, ndiyo hiyo ndani ya kitambaa. Baba Mkubwa akafumba macho. "Mafuta yako, Kalisti," akasema. "Nimekuamini. Nimegombana na mke wangu kwa ajili yako. Mafuta yako yameniponza." Kalisti akakifungua kile kitambaa taratibu, akakileta karibu na uso kama mtu anayefuta jasho. Akavuta pumzi. Nilimwona anavuta pumzi. Na mie nilikuwa mbali hatua chache tu, na ninaapa nilisikia harufu ya nazi. Akainua macho, akamtazama Ma'mkubwa. Ma'mkubwa akainamia hotipoti, akakaza mfuniko wake. Kalisti akamtazama hivyo, si kwa chuki. Kisha akakiviringa kitambaa akakitia mfukoni. "Inawezekana, Seif," akasema. "Joto lilikuwa kali. Nisamehe." Baba Mkubwa akageuzia uso ukutani. "Usije tena kwangu," akasema. Ma'mkubwa hakufungua mdomo. Nami nikauma wangu.

Hakuja tena. Baba Mkubwa alipona akawa anachechemea, akauza gobori, na shamba akawaachia nguruwe. Jumamosi alikuwa akikaa upenuni na kahawa, vikombe viwili kwa mazoea, mpaka Ma'mkubwa akaanza kukiondoa kimoja bila kusema. Kicheko kile hakikurudi. Alikufa miaka mingi baadaye, nami nimeshaolewa, na siku ya maziko nilimwona Mzee Kalisti amesimama ng'ambo ya barabara, kofia mkononi, hakuvuka. Jeneza lilipopita aliinamisha kichwa. Nilipomfuata kumpa shikamoo alikuwa amekwenda. Nilijiuliza miaka yote hiyo: alinyamaza kwa nini? Moyo wangu wa shaka ukanipa jibu lililoufaa. Nilijiambia alinyamaza kwa sababu alikuwa na yake ya kuficha, kwamba angetaja nazi angelazimika kutaja kopo la kwanza. Nikaona nimemmaliza, nimemjua.

Basi jana nikaenda Kimara. Kilima kile sasa ni magorofa na kuta za vioo vya chupa, lakini migomba ipo. Turubai lilikuwa limefungwa, kwaya inaimba, akina mama wamejaa mikekani. Mama Regina alikuwa ndani, kitenge kichwani, amekonda, amekuwa mdogo kama msichana. Nikampa mkono, nikalia naye, kisha nikaomba tuzungumze pembeni. Akaniongoza mpaka chumba cha stoo, tukaketi juu ya magunia. "Mama, nimetumwa na Ma'mkubwa," nikasema. "Anasema yale yalikuwa mafuta ya nazi. Anasema ni yeye." Nilitegemea ashtuke. Hakushtuka. "Yuko hai?" akauliza. "Yuko hai." "Mwambie Baba Regina alijua. Alirudi kutoka hospitali na kile kitambaa, akaninusisha. Nikamwambia mume wangu, nenda kaseme, unachukua lawama ya nini? Akasema siendi."

"Aliogopa habari ya kopo la kwanza," nikasema, kwa ile sauti yangu ya mtu anayejua. Mama Regina akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Lilikuwa la nguruwe, mwanangu, kama unalotaka ndilo hilo. Mafuta niliyachuja mwenyewe. Sie tulijua nyie hamli. Hatukujua hata kugusa ni neno. Ni mafuta ya risasi, tukasema, si ya chapati. Seif alipomwuliza, Baba Regina akauona uso wake, ndipo akajua amefanya jambo. Akaropoka kondoo. Alirudi hapa hakula, akashinda wiki nzima machinjioni Vingunguti kutafuta mikia ya kondoo, ili angalau akiapa, aape kweli." Akavuta kitenge. "Lakini hakunyamaza kwa kujiogopea. Nilimwuliza usiku ule. Aliniambia, 'Mama Regina, nikisema ni nazi, Seif atamwacha yule mwanamke. Namjua Seif. Mwanamke yule nimemharibia mfungo wake na hajui. Nimharibie na nyumba? Acha Seif anichukie mie, mie nina pa kwenda.'" Nje kwaya inaimba. "Pa kwenda penyewe palikuwa hapa," akasema, "Jumamosi nzima anafagia ua uliokwisha kufagiwa."

Nilikuwa nimekishuku kila kitu katika mwaka ule, kopo, kiapo, kidole gumba, kicheko kilichochelewa, na kote huko nilikuwa sawa. Hilo la kwamba mtu alisimama wodini akachagua kupoteza rafiki ili mke wa rafiki asipoteze mume, halikunipitia akilini hata siku moja. Niliona haya, wallahi, haya ya kutaka kujifunika. Nikamwuliza wanamzika lini. Akasema kesho, saa nane, hapa hapa, Songea ni mbali na watoto wote wako huku.

Nilirudi Mtoni kabla ya magharibi. Ma'mkubwa alikuwa amekaa barazani, jambo asilolifanya siku hizi, anangoja. "Ulimwambia?" "Nilimwambia. Alijua. Na mumewe alijua tangu hospitali." Akatikisa kichwa polepole. "Alinitazama," akasema. "Nilijua kajua. Kwa nini hakusema?" Nikamwambia kwa nini. Nilimwambia neno kwa neno, la kuachwa, na la pa kwenda. Akasikiliza na mdomo wazi kidogo. Kisha akauliza nililokuwa nikiomba asiulize. "Na lile kopo, Mishi? La kwanza?"

Ningeweza kusema kondoo. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini nyumba ile ilikuwa imeshibishwa kondoo wa kutosha. "Nguruwe, Ma'mkubwa," nikasema. "Hawakujua kama hata kugusa haifai."

Nilidhani atapiga kelele kama siku ile ya unga. Hakupiga. Akapapasa mpaka akaupata mkono wangu, akaushika kwa vidole vyake vikavu. "Kumbe nilikuwa na haki," akasema. "Miaka yote hii nilikuwa na haki." Midomo ikaanza kumcheza, na kilio kikamtoka, si cha juu, cha chini, cha mtu aliyechoka. "Na imenifaa nini, Mishi? Nambie, imenifaa nini? Mume wangu kafa bila rafiki, na haki yangu ninayo hapa mkononi."

Nikamwambia mazishi ni kesho saa nane. Akajifuta uso kwa upande wa kanga, akasogeza miguu yake ile mibovu mpaka ikafika chini, akashika ukuta.

"Niletee baibui langu," akasema. "Safari hii nitasema mwenyewe, tena mbele za watu."